Msalaba wa Murang'a: Uhakiki wa Michoro ya Elimo Njau

Msomaji wa Nyarero, au wa popote katika Mara ambako Wamennonite wamehubiri tangu walipofika Shirati mwaka 1934, amezoea nyumba ya ibada yenye kuta tupu. Kwa desturi ya kanisa hilo mateso ya Kristo husomwa na kuimbwa, hayapambwi kwa rangi. Basi yafaa aulize: je, picha ya msalaba huongeza imani, au huyageuza maumivu kuwa pambo? Swali hili na tulipime kwa michoro mitano ya Elimo Njau, iliyomo katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, Murang'a, nchini Kenya.

Njau alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, akasomea sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell. Michoro yake hiyo ni ya mwaka 1959, na mada zake ni Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Kristo ni Mwafrika, na nchi anayoishi ni ya Wakikuyu.

Wako wausifuo weusi wa ngozi yake, kisha wakaishia hapo. Lakini lenye uzito zaidi ni mahali na majira. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa katika vita vya Mau Mau. Mwaka uleule wa 1959, mahabusu 11 walipigwa na askari hata wakafa katika kambi ya Hola. Jengo, basi, liliwakumbuka wafu wa upande mmoja. Mchoraji hakuitwaa mada yake katika vita vile. Alimchora Mwafrika asiye na hatia, auawaye kwa hukumu ya dola. Mjane wa shahidi aweza kumlilia mumewe mbele ya msalaba ule; na mama wa mahabusu aweza kumlilia mwanawe papo hapo, wala hapana wa kumwondoa.

Yamkini mtu atasema kwamba huko ni kukwepa kumtaja mkosaji. Katika mahakama, naam, ingekuwa kasoro. Lakini ukuta wa kanisa si kiti cha hakimu. Hapo picha imetenda jambo ambalo ukuta mtupu usingaliweza: imempa nafasi ya kuomboleza hata yule ambaye jengo halikujengwa kwa ajili ya wafu wake.