Neema ya Bure na Baraza la Tubondo: Ushuhuda wa Wokovu na Utendi wa Mwindo katika Kivu ya Kaskazini

Utangulizi

Kashebere ni mahali palipo mpakani mwa Masisi na Walikale, Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika sehemu hizo hukutana wasemaji wa Kihunde, Kinyanga na Kinyarwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni na kanisani. Kwa hiyo mafundisho ya Kikristo juu ya neema ya Mungu, yaani wema ambao mwanadamu hakuustahili, huwafikia wengi wao kwa maneno ya Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuyachunguza maneno hayo, kisha kulinganisha tanzu mbili za fasihi simulizi zinazosimulia kusamehewa kwa mtu asiyestahili: ushuhuda wa wokovu na utendi wa Mwindo wa Wanyanga. Hoja ya msingi ni kwamba masimulizi ya msamaha hukamilika pale tu aliyekosewa anapopewa nafasi ndani yake.

Neema, ukombozi na bure

Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, aya ya 24 ya sura ya 3 ya Waraka kwa Warumi inakusanya pamoja maneno matatu: neema, bure na ukombozi. Kila moja lina historia yake. Neema ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika matumizi ya pwani halihusu dhambi peke yake. Mwaka wa neema ni mwaka wa mvua na mavuno. Kinyume chake ni dhiki. Ukombozi unatokana na kukomboa, yaani kukitoa kitu kilichowekwa rehani, au kumtoa mateka, kwa kulipa. Katika maana hii ya kale, anayekombolewa halipi. Hulipiwa na mwingine. Tangu miaka ya 1960, hasa baada ya Kamati ya Ukombozi ya OAU kuwekwa Dar es Salaam mwaka 1963, neno hilo limepata maana nyingine, ya watu kujitoa wenyewe katika minyororo. Wahakiki wengi wa fasihi ya Kiswahili wamelitumia kwa maana hii ya pili, na huenda ndiyo sababu hawakushughulika sana na ile ya kwanza.

Hata hivyo, neno lenye utata mkubwa zaidi ni lile dogo, bure. Kitu cha bure ni kile kisichotozwa bei. Lakini maneno ya bure ni maneno yasiyo na maana, na mtu aliyekufa bure ni yule ambaye kifo chake hakikuwa na sababu wala hakijajibiwa na yeyote. Mwezi Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Baadaye zikafuata vita vya 1996 na 1998. Katika nchi ya namna hiyo, kinywa kile kile kinachotangaza neema ya bure kinawataja pia waliokufa bure. Swali linalozuka si la msamiati tu. Je, mjane anayesikia kwamba muuaji amesamehewa bure anasikia kwamba amesamehewa pasipo bei, au kwamba damu ya mumewe haikuwa na thamani?

Ushuhuda kama utanzu

Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, ulieneza desturi ya kuungama dhambi mbele ya watu. Ushuhuda uliozaliwa humo una sifa zote za utanzu wa fasihi simulizi: una mtambaji, hadhira, wimbo wa kupokezana na muundo unaotambulika. Kwa kawaida una sehemu tatu, yaani maisha ya dhambi, kukutana na Yesu, na maisha mapya. Mtambaji ndiye pia mhusika mkuu, na dhamira kuu ni kwamba hakustahili.

Nguvu ya utanzu huu ni dhahiri. Mnyonge na mkubwa husimama mahali pamoja, na hakuna awezaye kujisifu. Lakini muundo wake una pengo. Mara nyingi dhambi hutajwa kwa jumla, na yule aliyetendewa dhambi hiyo hana jina wala sauti. Aliyeiba husimulia wizi wake, naye aliyeibiwa hayumo. Masimulizi huwa ni ya watu wawili tu, mkosaji na Mungu, ilhali kosa lenyewe lilikuwa na watu watatu.

Si haki kulitupia pengo hili Uamsho wenyewe. Wafuasi wake wa awali walijulikana kwa kurudisha vitu walivyoviiba na kuwaendea waliowakosea. Kilichofupishwa ni masimulizi. Tendo la kurudisha, ambalo lilikuwa sehemu ya nne, hudondoka kila ushuhuda unapozoeleka na kuwa kanuni ya ibada.

Baraza la Tubondo

Utendi wa Mwindo ulisimuliwa kwa Kinyanga na Candi Rureke mwaka 1956, ukachapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, anaamuru wake zake wazae mabinti tu. Mwindo anapozaliwa, baba anajaribu kumwua kwa mkuki, anamzika akiwa hai, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mtoto anaokoka, anafika kwa shangazi yake Iyangura, anarudi na kuiangamiza Tubondo kwa msaada wa radi ya Nkuba. Shemwindo anakimbilia kuzimu.

Ni muhimu kutambua kwamba Mwindo hamsaki baba yake ili amkumbatie. Anamsaka kwa hasira. Hata hivyo, anapomrudisha nyumbani hamwui. Linaitishwa baraza la watu wote. Shemwindo, Mwindo na Iyangura wanakaa juu ya viti, na mbele ya wote Shemwindo anaungama aliyomtenda mwanawe. Iyangura naye anasema, wala hayafuniki maovu ya ndugu yake. Baada ya hapo ndipo Mwindo anaposamehe, na nchi ikagawanywa baina ya baba na mwana.

Shemwindo hakustahili kitu. Hakuna popote katika utendi panapoonyeshwa kwamba wema wake wa zamani ulimwombea. Kwa maana hiyo msamaha wake ni wa bure. Lakini si wa bure kwa maana ya pili, kwa kuwa kosa limetajwa kwa jina lake, mbele ya yule aliyetendewa, na shahidi amesikilizwa. Aidha, baada ya kusamehewa Shemwindo habaki na kila kitu alichokuwa nacho. Utawala wake unapungua.

Jambo jingine linastahili kuzingatiwa. Mwindo mwenyewe hamalizi safari yake akiwa mwenye haki asiye na doa. Anamwua Kirimu, joka lenye urafiki na Nkuba, na kwa kosa hilo anapandishwa angani kwa mwaka mzima. Huko anateswa na mvua, jua na baridi, kisha anarudishwa duniani akiwa amekatazwa kuwaua wanyama. Shujaa aliyekuwa akijisifu kwamba alizaliwa akitembea anarudi akiwa amefundishwa unyenyekevu. Aliyesamehe naye ameachiliwa.

Mipaka ya ulinganisho

Mhakiki hana budi kujihadhari asimbatize Mwindo. Msamaha wa Mwindo ni wa mshindi, ambaye adui yake yuko mikononi mwake. Msamaha wa Injili unatolewa msalabani na yeye anayeuawa. Isitoshe, Mwindo anawafufua watu wa Tubondo waliokuwa wameangamia, kila mmoja akirudi katika hali aliyokuwa nayo. Baraza lake linafanyika mbele ya watu waliorudishiwa uhai. Masisi na Walikale hazina usinga wa Mwindo wa kuwainua waliozikwa. Huko msamaha unaombwa huku viti vingine vikiwa vitupu, na hilo linaufanya uwe mzito kuliko ule wa utendi.

Lakini utendi unafundisha jambo ambalo Injili yenyewe haikulisahau. Katika sura ya 19 ya Luka, Yesu anaingia nyumbani mwa Zakayo kabla Zakayo hajarudisha hata senti moja. Neema inatangulia. Hata hivyo, Zakayo anapopokewa anasimama na kuahidi kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya. Malipo hayo si bei ya neema, bali ni tunda lake, na kwayo waliodhulumiwa wanaingia katika hadithi. Zakayo anashiriki muundo mmoja na baraza la Tubondo: asiyestahili anapokewa, na aliyekosewa anakumbukwa.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba neno bure linabeba maana mbili zinazovutana, na kwamba muundo wa masimulizi ndio unaoamua ni ipi itakayosikika. Ushuhuda unaowataja mkosaji na Mungu peke yao unaweza kuifanya neema ionekane kuwa kitu kisicho na thamani machoni pa aliyeumizwa. Ushuhuda unaompa aliyekosewa kiti unaonyesha kwamba kilicho bure kwa mkosaji kilikuwa na gharama kwa mwingine, na hiyo ndiyo maana ya kale kabisa ya kukomboa.

Kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, ushuhuda unastahili kukusanywa na kuhakikiwa kwa uzito ule ule unaopewa ngano na tendi. Kwa wale wanaousimulia Kashebere na kwingineko, swali lililo mbele yao ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: baada ya mkosaji kusema kwamba amesamehewa, ni nani mwingine aliyeitwa barazani kusema?