Asubuhi ya Watoto Watano

Gari la shule hupiga honi mtaani kwetu saa 12:15 asubuhi. Halisubiri, wala halipaswi kusubiri, maana mbele lina milango mingine mingi ya kupitia kabla foleni ya kuingia mjini haijakaza. Kati ya saa 11:00 alfajiri na honi hiyo kuna watoto watano wa kuamshwa, kuogeshwa, kuvishwa na kulishwa, kwenye nyumba ya vyumba vitatu na bafu moja. Mkubwa ni msichana wa miaka minane, darasa la tatu. Anayemfuata ni mvulana wa miaka sita, darasa la kwanza. Kisha pacha wangu, Kulwa na Doto, miaka mitatu na nusu. Wa mwisho ni Shija, miezi tisa. Kwa Wasukuma, ambako ndiko kwao mama yao, mtoto anayekuja baada ya pacha hupewa jina hilo.

Nataka kueleza kwa undani jinsi asubuhi yetu ilivyotoka kwenye machozi na kufikia hali yake ya sasa. Ushauri mwingi wa malezi tunaousikia huishia kwenye neno moja: wape watoto muda. Sawa, lakini muda huo hutolewa wapi saa 11:40 alfajiri, huku mmoja analia, mwingine amejifungia chooni na chai inafurika jikoni?

Mambo yaliharibika Januari, dada aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani aliporudi kwao kuolewa. Mama watoto ni muuguzi, na zamu yake mara nyingi ni ya usiku. Anafika nyumbani saa 2:00 asubuhi, watoto wa shule wakiwa wamekwishaondoka. Kwa hiyo alfajiri ilibaki mikononi mwangu. Katika wiki tatu za kwanza gari lilituacha mara sita. Niliamini nimeujua ugonjwa: tunachelewa kuamka. Nikasogeza saa ya kuamka hadi 10:30. Tukachelewa vilevile, na safari hii kwa kilio zaidi. Mtoto wa miaka sita ukimwamsha usiku wa manane atavaa soksi moja na kusinzia akiwa ameishika ya pili.

Mimi ni msimamizi wa ujenzi. Kwenye saiti, fundi akichelewa kumaliza ukuta hatuanzi kumuuliza aliamka saa ngapi. Tunaangalia kwanza tofali limewekwa umbali gani na mkono wake. Somo hilo nililipata chuoni kupitia Frank Gilbreth, Mmarekani aliyeanza maisha kama fundi mwashi. Aliwatazama mafundi wakipanga matofali, akagundua kwamba tofali moja humgharimu fundi mijongeo 18, mingi yake ya kuinama na kugeuka bure. Akainua jukwaa la matofali hadi usawa wa mkono, akapanga upya kila kitu, mijongeo ikashuka hadi kati ya 4 na 5. Yeye na mkewe Lillian, aliyekuwa mwanasaikolojia, walipata watoto 12 kati ya mwaka 1905 na 1922, wakaupeleka utafiti wao wa mijongeo hadi ndani ya nyumba yao. Nilipokuwa mwanafunzi, sehemu hiyo ya watoto niliipita haraka. Januari hii niliirudia.

Basi nikafanya kile ninachokifanya kazini. Nilitundika daftari kwenye msumari wa mlango wa jikoni, na kwa siku tano za shule nikaandika kila jambo na dakika zake, bila kubadilisha chochote. Ijumaa jioni nikajumlisha. Nilitegemea kwamba bafu ndilo linalotuangusha, kwa kuwa ndiko kwenye foleni na kelele. Haikuwa hivyo. Kuogesha watoto wote kulichukua wastani wa dakika 22, na kwa watoto watano hizo si nyingi. Kutafuta vitu kulichukua dakika 27. Kiatu cha kushoto, mkanda, chupa ya maji, daftari la kazi ya nyumbani linalohitaji sahihi ya mzazi, chanuo. Binti yangu pekee, kati ya chumba, bafu, jiko na baraza, alikwenda safari 19 asubuhi moja. Tatizo letu lilikuwa tofali lililolala chini, mbali na mkono wa fundi.

Kilichofuata kilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, nami sitakaa nacho sana. Karibu kazi zote za kutafuta tulizihamishia usiku. Kwenye ukuta wa sebuleni, karibu na mlango wa kutokea, tulifunga kamba mbili zenye vibanio, moja ya kila mwanafunzi, kwa urefu ambao mwenye kamba anaufikia. Kabla ya kulala sare inatundikwa pale, soksi zikiwa ndani ya viatu chini yake, begi likiwa limefungwa na daftari limetiwa sahihi. Mihogo au viazi vitamu vinachemshwa usiku, asubuhi ni kupasha moto na kuchemsha chai ya maziwa. Kila mtoto ana kikombe na taulo la rangi yake. Wiki ya kwanza ya mpango huu dakika za kutafuta zilishuka hadi 6. Wakati wa masika, sare zinapokataa kukauka, dakika hizo huwa zinapanda kidogo, na pasi inafanya kazi ambayo jua lilipaswa kuifanya.

Lakini Shija hakai kwenye kamba.

Hapa ndipo mpango wangu wa kihandisi ulipofika mwisho, na elimu ya mtu mwingine ikaanza. Mama mkwe alikuja kutoka Maswa mwezi Februari. Asubuhi ya kwanza alikaa kwenye kigoda akanitazama nikiwa na Shija mkono wa kushoto, nikimimina chai kwa mkono wa kulia, huku nikimwita Doto kwa sauti. Alingoja watoto waondoke, kisha akasema taratibu, "Baba Kulwa, mikono miwili umempa mtoto mmoja. Hawa wanne watashikwa na nani?"

Kesho yake alitoa mbeleko. Kwa heshima iliyopo kati ya mkwe na mkwe hakunigusa. Alimbeba Shija yeye mwenyewe nione, akafundisha hatua kwa hatua, kisha akamkabidhi binti yangu kitambaa anifunge mimi. Ufundi wake unastahili kuelezwa. Unainama hadi mgongo uwe kama meza. Mtoto analazwa juu, tumbo lake likigusa mgongo wako, miguu imepanuka kukumbatia kiuno. Kitambaa kinapita juu ya mgongo wake, chini ya makwapa yako, na kukazwa kifuani. Kisha ncha za chini zinavutwa kupita chini ya makalio yake na kufungwa kiunoni. Ukisimama, uzito unabebwa na nyonga zako, mabega yanabaki huru. Mtoto anasikia pumzi yako na joto lako, naye anatulia. Katika daftari langu kilio cha Shija kilishuka kutoka dakika 14 kwa asubuhi hadi karibu sifuri, na nikapata mikono miwili. Sijaona kifaa cha dukani kinachofanya kazi hiyo vizuri hivyo. Sharti moja tu: mwenye mbeleko hakaribii moto. Chai inachemka kabla Shija hajapanda mgongoni, jiko la gesi linazimwa, na kizingiti cha jikoni kina mstari wa chaki ambao pacha wanaufahamu.

Pacha nao walinifundisha kosa langu jingine. Nilikuwa nikitafuta usawa kwa kufanya kila kitu kwa wakati mmoja: wote wawili bafuni, wote wawili kuvaa, vikombe viwili vinavyofanana. Matokeo yake yalikuwa ugomvi kila hatua. Bibi yao aliwatenganisha kwa zamu. Jumatatu Kulwa anatangulia kwa kila jambo, Jumanne Doto, na hivyo hivyo hadi Jumapili, ambayo haina mwenyewe. Anayesubiri hupewa kazi ya kumshikia mwenzake taulo. Watoto wa miaka mitatu wanaweza kusubiri wakijua zamu yao itafika kweli. Siku moja niliruka zamu ya Doto kwa haraka zangu, akakaa sakafuni na kukataa kuinuka. Alikuwa na haki.

Kuna jambo nisilotaka kulifunika. Katika nyumba nyingi ninazozijua, mfumo wa asubuhi una jina moja nalo ni la binti mkubwa. Yeye ndiye anayembeba mdogo, anayewavisha pacha, anayefunga vifungo vya kaka yake, kisha anafika shuleni amechoka. Zile safari 19 za binti yangu zilinionyesha kwamba na sisi tulikuwa tunaelekea huko. Sita kati yake zilikuwa zake mwenyewe; zilizobaki zilikuwa za wadogo zake. Hizo za wadogo tulizifuta zote. Sasa ana jukumu moja, kukagua kamba mbili usiku na kutamka kwamba zimekamilika. Kaka yake, kwa umri wake, anafuta meza na kukusanya vikombe. Kumpa mtoto kazi ya kiasi chake ni kumlea. Kumpa utoto wa wenzake aubebe ni kumdhulumu, na hilo nalisema nikijua nimelifanya.

Niseme pia pale mpango unapovunjika. Mtoto mmoja akiamka na homa, kila kitu kinabadilika. Nilijaribu mara mbili kuendesha ratiba kamili na mgonjwa ndani ya nyumba, mara zote mbili nikaishia kumfokea asiye na kosa. Sasa tuna ratiba ya siku ya ugonjwa: kunawa uso badala ya kuoga, mkate badala ya mihogo, na jirani anawapeleka wawili kwenye gari. Hapo ndipo nilipomwelewa zaidi Lillian Gilbreth. Mwaka 1912 binti yao Mary alikufa kwa dondakoo, akiwa mtoto mdogo, na hakuna mpangilio wa mijongeo ambao ungemwokoa. Shija alichomwa chanjo ya ugonjwa huohuo kliniki, akiwa na wiki 6, 10 na 14, ndani ya sindano moja yenye kinga za magonjwa matano. Mwaka 1924 Frank naye alifariki ghafla, Lillian akabaki na watoto 11 na kazi ya kutafuta. Viwanda vingi havikumtaka mwanamke mhandisi, akageukia majiko ya nyumbani, akapima hatua za mpishi kati ya moto, maji na meza na kuzipunguza. Watoto wawili wa nyumba hiyo waliandika kitabu kuihusu mwaka 1948, na walichokikumbuka zaidi ni vicheko.

Nami naweza kueleza vicheko vya kwetu vilianza lini. Mwishoni mwa Machi tulianza kufika saa 12:00 kila mtu akiwa amevaa na ameshiba, dakika 15 zikiwa mkononi. Nilizijaza mara moja: kusoma jedwali la kuzidisha, kurudia imla. Ndani ya siku nne zile dakika zilikuwa zimegeuka kuwa uwanja mwingine wa kufokeana. Nikaziacha wazi. Siku ya tatu ya kuziacha wazi, Kulwa alipanga viti vya baraza safu mbili, akaning'inia kwenye nguzo na kuanza kuita abiria wa Gongo la Mboto. Doto alikuwa suka, sufuria ikiwa usukani. Kaka yao alidai chenji yake. Binti yangu, ambaye nilikuwa sijamsikia akicheka asubuhi tangu Januari, alipanda na begi lake la shule, akaambiwa begi linalipiwa nauli. Shija alisafiri mgongoni kwangu, akipiga mabega yangu kila gari "lilipoondoka". Tangu siku hiyo daladala ile huondoka kila asubuhi ya shule, na honi ya gari halisi inapolia abiria wawili hushuka mbio.

Kwa hukumu yangu, hizo dakika 15 tupu ndizo zilizobadilisha nyumba zaidi ya kamba na vibanio. Kamba zilizitafuta, mbeleko ikazilinda, zamu ya pacha ikazizuia zisiliwe na ugomvi. Ukizijaza tena kazi, hata kazi nzuri, unarudi ulikotoka.

Nimeijua nyumba yangu baada ya miaka minane ya kuwa baba, na hilo linaniuma. Pacha walipozaliwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama yao likizo ya siku 100, badala ya 84 za uzazi wa mtoto mmoja. Mimi nilipata siku 3. Siku ya nne nilikuwa saiti nikihesabu matofali, na nyumbani kulikuwa na vichanga viwili, mtoto wa miaka miwili na nusu, mwingine wa miaka minne na nusu, na mama aliyekuwa bado na maumivu. Ningejifunza kufunga mbeleko wakati ule, isingenilazimu kungoja hadi Shija. Waheshimiwa wabunge, siku 3 hazimtoshi baba kujifunza mtoto wake analia vipi akiwa na njaa. Ziongezeni.