Fimbo ya Kuvulia ya Vipande Viwili: Anza na Kiungo

Anayevuka daraja la Mbita kwenda Rusinga kwa bodaboda hawezi kubeba mwanzi wa mita 3. Ndiyo maana unakatwa vipande viwili, na hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa kuwa kosa lolote la fundi hujitokeza kwenye kiungo. Fundi anayeanza hupenda kukuonyesha rangi za uzi na mng'ao wa vanishi. Mpe pongezi zake, kisha mwombe aitenganishe fimbo.

Kiungo ninachokiamini kwenye mwanzi ni bomba fupi la shaba lililogandishwa kwa gundi kwenye kipande cha chini, na kipande cha juu kikachongwa kiingie humo. Kisikilize kinapochomolewa: kikitoa mlio mdogo wa hewa, kimekaa sawasawa. Kikilegea, utaambiwa uzungushie karatasi kitabana. Kataa. Kipande kinachocheza kila unaporusha ndoana hula mwanzi kidogo kidogo mpaka upasuke. Pima na kina chake: kiingie angalau mara 5 ya unene wake, yaani milimita 60 kwa mwanzi wa milimita 12.

Halafu tazama ukingo wa bomba, pale shaba inapoishia. Fimbo nyingi huvunjikia hapo, kwa sababu mwanzi hupinda na shaba haipindi, hivyo nguvu yote hujikusanya kwenye mstari mmoja. Fundi mzuri hukata ukingo huo kuwa vidole vidogo, akavipiga tupa mpaka vikawa vyembamba, kisha akavifunika kwa uzi unaopanda hadi juu ya mwanzi. Pitisha ukucha, usikwame popote. Nikiikuta kazi hiyo imefanywa kwa makini, mengine mengi namsamehe fundi anayeanza.

Mianzi ya asili ya Kenya huota nyanda za juu, kama Mau na Mlima Elgon. Unaofaa ni uliokomaa miaka 3 au zaidi, ukakatwa kiangazi na kukaushwa kivulini. Mwanzi mchanga una wanga mwingi na dumuzi huupenda. Tafuta vitundu vinavyomwaga unga. Nguvu ya mwanzi iko kwenye ngozi yake ya nje, kwa hiyo msasa uguse vifundo kidogo tu. Anayeulainisha mwili mzima ili upendeze ameuondolea uti wake.

Pete hazinichukulii muda. Vuta pamba kavu ndani ya kila moja: ikiacha nyuzi, kuna mkwaruzo utakaokata mshipi. Funga jicho moja uangalie kutoka kwenye mpini hadi nchani. Pete zote zikae mstari mmoja, na nukta mbili za wino kwenye kiungo zikuonyeshe jinsi ya kuzirudisha hapo kila siku.

Sasa ipe mzigo. Pitisha mshipi, funga mfuko wa mchanga wa kilo 1, uinue polepole, na mwenzako atazame kutoka pembeni. Mkunjo uanzie nchani na kushuka taratibu. Penye bomba patanyooka kidogo, na hilo ni la kawaida kwa shaba. Ukiona pembe badala ya mkunjo, usiinunue hata kwa bei ya bure.

Rusinga ina jambo lake. Upepo ukisukuma magugumaji hadi ufukweni, ngege aliyenasa hawezi kuburutwa. Lazima ainuliwe juu ya majani. Kwa hiyo hapa nachagua kipande cha chini kigumu, hata kama fimbo itakuwa nzito mkononi. Mbuta, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na anayeweza kupita kilo 50, simshauri mtu amfuate na mwanzi wowote. Huyo atafutiwe ufito wa faibaglasi, nao ukaguliwe vivyo hivyo kwa mzigo mkubwa zaidi.

Kabla ya kulipa, uliza kama kipande cha juu kimepakwa vanishi hadi mwisho, pamoja na sehemu inayojificha ndani ya bomba. Kisipopakwa, kikilowa kitafura na kung'ang'ania shaba. Kikikwama, usikizungushe, maana uzi utachanika. Shikeni wawili, kila mmoja akiweka mkono mmoja juu ya kiungo na mwingine chini yake, mvute moja kwa moja.