Demani ya Bara: Kazi za Nyumbani na Matumaini Madogo katika Fasihi ya Nairobi

Majina ya majira katika Kiswahili yalizaliwa pwani, midomoni mwa mabaharia na wakulima. Kaskazi na kusi ni pepo. Masika na vuli ni mvua. Kipupwe ni ubaridi wa Juni hadi Agosti. Na demani ni kipindi cha kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi karibu na Novemba, kusi inapolegea na bahari ikatulia. Yafaa kuuliza msamiati huu una kazi gani Nairobi, mji ulioinuka kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hakuna tanga wala ngalawa, lakini ambako baridi ya Julai ni kali kuliko ile ijulikanayo Mombasa.

Jibu laweza kutafutwa Kibera na Kawangware. Kibera, ambayo jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, ilikaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na askari Wanubi wa King's African Rifles pamoja na jamaa zao. Kawangware iko magharibi ya mji, nayo imepakana na Lavington, mtaa wa wenye nacho. Katika mitaa hii miwili mwisho wa baridi hautambuliwi kwa upepo, bali kwa kamba ya kuanikia nguo. Tangu Juni mawingu mazito huweza kulifunika anga siku nzima, na nguo hushinda kambani zisikauke. Jiko la makaa huingizwa ndani ili kutafuta joto, na moshi wake usioonekana umekwisha kuua watu waliolala milango ikiwa imefungwa. Mwishoni mwa Agosti jua hurejea, na shuka iliyoanikwa asubuhi huanuliwa adhuhuri. Kwa mwanamke afuaye kwa ujira wa kutwa, jambo hilo si pambo la mandhari. Siku kavu ni siku ya kuitwa kazini; na akiitwa, jioni kuna unga.

Mwanamke huyo ana jina lake katika Kiswahili cha Nairobi: mama fua. Muundo wa jina hili wastahili kuangaliwa. Kiswahili kilikuwa tayari na neno dobi, lililotoka Bara Hindi, nalo kwa desturi lilimtaja fundi mwanamume. Kilikuwa pia na kanuni ya kuunda nomino kama mfua chuma na mfua dhahabu, ambayo ingeweza kutoa mfua nguo. Mji ukayaacha yote mawili, ukaambatanisha neno la ujamaa na shina tupu la kitenzi, karibu na mfano wa mama mboga. Neno hili lina heshima ndani yake, kwa kuwa anayeitwa mama hawezi kuamrishwa kama mtumwa. Lakini lina hila pia, kwani mwajiri humlipa mfuaji sehemu ya haki yake kwa neno mama, kisha akapunguza fedha. Mhakiki anayesifu uzuri wa istilahi za mitaani pasipo kuiona hila hiyo atakuwa amefanya nusu ya kazi.

Fasihi ya Nairobi imewatendeaje watu hawa? Riwaya za Meja Mwangi, hususan Kill Me Quick (1973) na Going Down River Road (1976), zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini ndizo zilizoweka kipimo cha kuusawiri umaskini wa mji huu. Ni kawaida kuzisoma kama hadithi za kukata tamaa: kazi ya mjengo, pombe, vichochoro. Hata filamu ya Nairobi Half Life (2012) inaufuata mkondo wa wanaume na uhalifu. Hata hivyo, katika Going Down River Road yamo mambo mawili ambayo usomaji huo huyapita upesi. La kwanza ni vibanda vya bondeni anakoishi Ocholla, ambavyo wakubwa wa jiji huvichoma moto na wenyewe wakavijenga tena. La pili ni Ben, ambaye anaachiwa mtoto wa Wini, mtoto asiye wake, naye pole pole anajikuta akimlea. Mapinduzi hayatokei, wala utajiri haupatikani. Lakini kuweka bati mahali palipochomwa na kumpa chakula mtoto wa mwenzio ni maamuzi, na fasihi ihesabuyo maamuzi makubwa peke yake haiwezi kuyaona.

Huenda ikadaiwa kwamba kuyatukuza matumaini madogo ni kumbembeleza maskini aridhike na hali yake. Hoja hii ina uzito. Mwandishi anayechora tabasamu la mama fua na jua la Septemba, akanyamaza kuhusu bei ya mtungi wa maji na kodi ya chumba cha mabati, anasema uongo. Lakini mwandishi anayechora bomba la maji taka peke yake naye anasema uongo wa namna ya pili, kwa maana humfanya mtu kuwa sehemu ya uchafu unaomzunguka. Tumaini la mfuaji lina hesabu: siku ngapi za jua, nyumba ngapi, shilingi ngapi, karo ya mtoto yupi. Uhalisia wa kweli ni ule unaoionyesha hesabu hiyo yote, pamoja na mahali inapokataa kutimia.

Waandishi wa Kiswahili wa Kenya wana nafasi hapa ambayo Kiingereza hakina. Lugha yao ndiyo inayozungumzwa penye beseni na sabuni, na ndiyo yenye neno demani. Hakuna sheria ya lugha inayolikataza neno hilo kupanda bara. Pwani lilimwambia nahodha kwamba bahari imetulia na safari yawezekana. Kawangware lingeweza kumwambia msomaji kwamba kamba zimejaa nguo, na kwamba kesho kuna mlango wa kubishwa. Kamusi hufuata matumizi. Nayo matumizi, katika jambo hili, yangali yakimngoja mtunzi.