Kumpima Mwekezaji wa Kampuni Changa

Kazi ya mwekezaji wa kampuni changa za teknolojia husomwa kwanza kwenye tarehe, ndipo kwenye majina. Tovuti za mifuko ya uwekezaji hujaa nembo za kampuni mashuhuri, na aliyenunua hisa kampuni ikiwa na wafanyakazi watano huonekana sawa na aliyezinunua miezi kadhaa kabla haijauzwa. La kuuliza ni aliingia lini, kwa bei gani, na alijua nini ambacho wenzake walikuwa hawajakijua.

Kirsten Green wa San Francisco anafaa kuwa mfano. Hakutokea kwenye uhandisi. Alikuwa mchambuzi wa hisa za kampuni za rejareja, kazi inayomfunza mtu jinsi duka linavyopata faida na linavyoipoteza. Mfuko wa kwanza wa kampuni yake, Forerunner Ventures, ulikusanya dola milioni 40 mwaka 2012. Machi mwaka huohuo Dollar Shave Club, iliyokuwa ikiwapelekea wateja nyembe nyumbani kwa malipo ya kila mwezi kuanzia dola 1, ilitoa video ya kuchekesha mtandaoni na kupata maagizo yapatayo 12,000 ndani ya siku mbili. Wengi waliitazama video. Mjuzi wa maduka angelikumbuka kabati: katika maduka mengi ya dawa ya Marekani nyembe hufungiwa nyuma ya kioo, mnunuzi akamngoja mwenye ufunguo, kisha akalipa bei kubwa kwa kitu atakachokihitaji tena baada ya wiki chache. Forerunner ilikuwa miongoni mwa waliochangia mtaji wa awali wa takriban dola milioni 1. Mwaka 2016 Unilever iliinunua kampuni hiyo kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa dola bilioni 1. Ujuzi uliotangulia fursa ndio unaomtenga fundi na mwenye bahati.

Ujuzi huo hauna maana bila hesabu ya umiliki, na hapo ndipo makala nyingi za sifa hunyamaza. Mfuko wa dola milioni 40 ukiweka dola 500,000 katika kampuni iliyothaminiwa dola milioni 5, fedha hizo zikiwemo, unapata asilimia 10. Kampuni ikiuza hisa mpya mara tatu, kila mara ikimega moja ya tano ya sehemu ya wamiliki wa zamani, asilimia 10 huwa 8, kisha 6.4, kisha 5.12. Ili hisa hizo pekee zirudishe mfuko mzima, kampuni haina budi kuuzwa kwa takriban dola milioni 781, na bado hawajahesabiwa wawekezaji wa baadaye ambao mikataba yao mara nyingi huwapa haki ya kulipwa kwanza. Mwekezaji hodari hutenga akiba ya kulinda sehemu yake katika kampuni zinazokua, na huwa na moyo wa kuinyima akiba hiyo kampuni inayosuasua, hata kama mwanzilishi amekwisha kuwa rafiki.

Thamani ya karatasi si fedha taslimu. Kinachohesabika ni kiasi walichorudishiwa wachangiaji wa mfuko. Hata hivyo fedha nazo hazisemi yote: duka la mtandaoni Jet.com, ambamo Forerunner iliwekeza, lilinunuliwa na Walmart mwaka 2016 kwa takriban dola bilioni 3.3, na mwaka 2020 Walmart ikalifunga. Mfuko ulilipwa, kilichojengwa hakikudumu.

Idadi ya kampuni zilizokufa haimwaibishi mwekezaji, kwa kuwa kampuni changa nyingi hufa. Mashahidi bora ni waanzilishi wa kampuni hizo. Wao ndio wanaojua kama alipokea simu mwezi ambao mishahara ilikosekana, na kama ukweli mchungu aliusema mapema.

Mwekezaji mwanamke kama Green hupimwa pia kwa idadi ya wanawake aliowafadhili. Kampuni za Marekani zilizoanzishwa na wanawake peke yao hupata karibu asilimia 2 tu ya mtaji wa aina hii kwa mwaka, dhuluma isiyo na utetezi. Lakini kumwekea yeye mzigo wa kuisahihisha, huku wanaume wakiulizwa faida tu, ni dhuluma nyingine. Forerunner ilipowekeza mapema katika Glossier, kampuni ya vipodozi ya Emily Weiss, swali la haki ni lilelile la nyembe: Green aliona nini katika soko hilo, na aliona lini?

Mifuko mingi hupangiwa miaka 10. Ule wa Forerunner wa 2012 unaweza kusomwa sasa. Mfuko wowote wa 2021, mwaka ambao bei za kampuni changa zilipanda mno, bado uko mbali na hukumu.