Albamu Iliyokatazwa Matoazi

Aliyekulia kwenye muziki wa miaka ya 1980 anaijua ile sauti ya dramu: pigo zito, chumba kizima kinanguruma kwa kitambo kifupi, halafu kimya cha ghafla. Phil Collins aliisambaza duniani mwaka 1981 kwa wimbo wake "In the Air Tonight". Lakini ilizaliwa kabla ya hapo, katika "Intruder", wimbo wa kwanza kwenye albamu ya tatu ya Peter Gabriel iliyotoka mwaka 1980. Inafaa tuichambue ilivyopatikana, kwa sababu siku hizi nawasikia maprodyuza wengi wakilalamika kuwa vifaa vinaongezeka na nyimbo hazimaliziki.

Gabriel hakuwa mtu wa kukosa vifaa. Studio ya Townhouse jijini London ilikuwa na mikseri ya SSL 4000 B, yenye kompresa na geti la sauti katika kila njia, jambo lililokuwa geni kabisa wakati huo. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza Uingereza kuitumia Fairlight, kompyuta ya muziki kutoka Australia iliyoweza kunasa sauti yoyote na kuipiga kwa kinanda. Prodyuza alikuwa Steve Lillywhite, fundi mitambo Hugh Padgham. Na mtu aliyezungukwa na vyote hivyo akaanza kwa kukataza: wapiga dramu wake, Collins na Jerry Marotta, hawakuruhusiwa kupiga matoazi kwenye albamu nzima.

Kwa mpiga dramu hilo si jambo dogo. Matoazi ndiyo hutunza mwendo, hutangaza kiitikio, na huziba pengo pale wazo linapokosekana. Yakiondoka, mkono uliozoea kuyakimbilia hauna pa kwenda ila kwenye ngoma zenyewe, na mpigaji analazimika kubuni mapigo mapya.

Mapigo hayo yalipokuwa yakitafutwa, kifaa kingine kikaingia kazini. Mikseri ya SSL ilikuwa na maiki ya mawasiliano, ambayo kazi yake ilikuwa moja tu: fundi aliye nyuma ya kioo amsikie mwanamuziki anaposema kutoka chumba cha kurekodia. Kwa kuwa mtu anaweza kunong'ona akiwa kona ya mbali au kupaza sauti akiwa karibu, maiki hiyo ilipitishwa kwenye kompresa kali mno, inayokandamiza sauti kubwa na kuinua ndogo mpaka zikaribiane. Padgham akaifungua huku Collins akiendelea kupiga. Kilichotoka kwenye spika kikawashangaza wote: mngurumo wa kuta za mawe za chumba kile ulikuwa umepanda ukalingana na ngoma zenyewe. Maiki ile haikuwa na njia ya kurekodiwa, basi mafundi wakabadilisha nyaya za mikseri ili irekodike. Kisha Padgham akaongeza geti, linaloikata sauti mara inaposhuka chini ya kiwango fulani. Mngurumo ukawa unapanda na kukatika ghafla. Gabriel alipousikia, akaujenga wimbo juu ya mapigo hayo.

Habari hii husimuliwa kama bahati. Mimi naona marufuku ndiyo iliyoifungulia bahati mlango. Toazi likipigwa, sauti yake kali hudumu kwa sekunde kadhaa. Kompresa ya namna ile ingeuinua mkia huo mpaka masikio yaume, na geti lingebaki wazi muda wote likidhani pigo bado linaendelea. Kile kimya cha ghafla kisingepatikana. Mikseri ilikuwa na uwezo huo tangu ilipofungwa, lakini hakuna ambaye angeusikia kama matoazi yangekuwepo.

Sasa tazama studio zetu za nyumbani. FL Studio, programu inayotumiwa na maprodyuza wengi wa Dar es Salaam na Nairobi, kwa miaka mingi ilikuwa na njia 125 za kuchanganyia sauti. Ongeza plagini, maktaba za sampuli, vinanda viwili vitatu vilivyonunuliwa kwa mkopo. Snea isipogonga vizuri, prodyuza haisikilizi tena wala haibadilishi mpangilio wa mapigo. Anafungua folda nyingine yenye snea mia. Mchana unapita akilinganisha sauti, na usiku anakuwa na kipande cha sekunde nane kisicho na beti wala kiitikio. Kila kifaa kipya kinampa sababu nyingine ya kuahirisha uamuzi, na hakuna hata kimoja anachokaa nacho muda wa kutosha kujua kinaharibikia wapi, kwani sauti za ajabu hupatikana huko.

Sisemi umaskini wa vifaa ni baraka. Gabriel baadaye alijenga studio ya Real World huko Box, Uingereza, na mwaka 1989 lebo yake ikatoa "Songs for the Poor Man" ya mwanamuziki wa dansi Remmy Ongala na bendi yake, Orchestre Super Matimila. Hawakupotea ndani ya mitambo ile. Bendi ya dansi huingia studio na mipaka yake tayari: gitaa la solo lina kazi yake, rithimu yake, besi yake, na atakayeingilia zamu ya mwenzake anasikika mara moja. Maamuzi yalikwisha kufanywa mbele ya wachezaji, ukumbini, usiku baada ya usiku.

Anayefanya kazi peke yake chumbani hana wa kumkataza, hivyo ajikataze mwenyewe, tena kabla hajawasha kompyuta. Ewe prodyuza, kabla ya wimbo wako ujao chagua kitu kimoja unachokitegemea sana, iwe hai-hati, kinanda fulani au kifolda kile cha sampuli, kiandike kwenye karatasi, na usikiguse mpaka wimbo uishe.