Mikono Safi Mtoni

Mwamba wenye dhahabu unaposagwa kwenye machimbo ya Geita, arseniki iliyokuwa imefungwa ndani yake hupata njia ya kwenda mtoni. Zebaki ya kukamatia dhahabu nayo huifuata. Shirika la Afya Duniani linataka arseniki katika maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita: sawa na gramu moja iliyoyeyushwa katika maboza kumi ya maji ya lita 10,000 kila moja. Ukipima kitu kidogo kiasi hicho, wa kwanza kukuharibia kazi ni wewe mwenyewe, kwa vumbi la shati, pete ya kidoleni, hata moshi wa gari lililokuleta.

Ndiyo maana mtoni wanakwenda wawili kuchukua sampuli ya maji. Mmoja huitwa mikono michafu: anafungua mfuko wa nje na kushika vifaa vyote. Mikono safi, aliyevaa glovu mpya, anafungua mfuko wa ndani, na chupa haiguswi na mwingine. Chupa hiyo ililowekwa kwenye asidi, ikasuuzwa kwa maji yaliyosafishwa mno. Mikono safi anasimama akiutazama mkondo unakotoka, tope alilolitibua libaki nyuma yake. Maji huchujwa kwa kichujio cha matundu ya mikromita 0.45, kisha hutiwa asidi ya nitriki ili metali zisigande kwenye kuta za chupa. Zebaki ina chupa yake ya kioo, maana plastiki ya kawaida huipitisha.

Ninachokistahi kuliko vyote ni chupa isiyo na maji ya mto. Maji safi ya maabara hubebwa mpaka ukingoni, yakamiminwa, yakachujwa na kutiwa asidi kama yale mengine, kisha yakarudishwa. Metali ya risasi ikionekana humo, mto hauna kosa. Mmarekani Clair Patterson, aliyetangaza umri wa dunia mwaka 1956, alihangaika miaka mingi na risasi iliyoingia kwenye sampuli zake kutoka hewani, mpaka akajenga maabara ya kuizuia.

Mtambo wa kupimia sampuli nao huweza kudanganya. Atomi ya agoni ikishikana na ya klorini, uzito wake kwa pamoja ni 75, sawasawa na wa arseniki. Fundi makini hupitisha gesi ya heliamu kuzitenganisha, na asipokuta kitu haandiki sifuri. Anaandika "chini ya", kisha kiwango kidogo kabisa ambacho mtambo wake unaweza kukithibitisha.